Fikiria Siku ya Kufungua

Tundu moja la boliti, milimita 8 tu, lilikula kipande cha sitaha yetu chenye ukubwa wa msala wa kuswalia. Halikukila kwa siku moja. Lilichukua misimu mitatu ya kusi, kimya kimya, huku juu kila kitu kinang'aa na wageni wanapiga picha. Nayaandika haya kwa ajili ya kila aliyenunua chombo cha faiba katika pwani yetu, au anayemtengenezea mwenzake, na anayekwenda dukani kuulizia "silikoni" bila kujua kwamba kwa jina hilo moja tunaziita dawa nne za kuzibia maji, zisizofanana hata kidogo.

Mimi ni mtu wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, na nimekulia chini ya majahazi. Kabla sijaanza skuli nilikuwa nimeshajua kusokota pamba. Baba akishaunga mbao, baina ya ubao na ubao hubaki upenyo, na upenyo huo hujazwa kalafati: pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta, ikashindiliwa kwa chembeu na nyundo mpaka izame. Sehemu ya juu ya chombo hupakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake ikishaingia kwenye nguo haitoki hata ufue mara saba. Chini, panapokaa majini, hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Pamba ile haikauki ikawa jiwe. Mbao zikivimba inabanwa, zikinywea inafuatana nazo. Na kila baada ya muda chombo hupandishwa pwani wakati wa bamvua, kalafati ya zamani inakongolewa, inapigwa mpya. Hayo nimeyaona maisha yangu yote. Lakini nilipopata chombo cha faiba nilidhani nimeingia dunia nyingine, ambayo elimu ya baba haina kazi ndani yake.

Chombo chenyewe tulikinunua mimi na shemegi yangu. Ni boti ya matanga ya futi 33, umri wake zaidi ya miaka 25, na mwenyewe alikuwa anarudi kwao. Nia yetu ilikuwa kuchukua wageni Mnemba asubuhi na kuwatembeza jua likizama. Sitaha yake ina tabaka mbili za faiba, na katikati yake kuna balsa, mti mwepesi ambao mwingi wake hutoka Ekuado. Balsa ile imekatwa vipande vidogo vikasimamishwa wima, nyuzi zake zikitazama juu na chini. Kazi yake ni kuipa sitaha unene na ugumu bila kuongeza uzito. Ukikanyaga haibonyei. Ni ufundi mzuri sana, ila una sharti moja: maji yasiingie kabisa. Yakishaingia katikati ya zile tabaka mbili hayana njia ya kutoka. Jua la kwetu linaipasha moto faiba, unyevu unabaki mle ndani, na mti unaoza huku umefunikwa juu na chini.

Sasa hesabu matundu. Nguzo za chuma zinazoshika waya wa ukingoni, kila moja ina boliti 4. Vyuma vya kufungia kamba, reli za matanga, roda, winchi, madirisha, mfuniko wa nanga. Nilipohesabu kwenye boti yetu nilipita matundu 200, nikaacha. Kila moja ni mlango wa maji, na kinachouziba ni ile dawa iliyowekwa baina ya chuma na sitaha, basi.

Mlango wetu wa kwanza ulikuwa kwenye nguzo ya kulia, karibu na katikati ya chombo. Watu wakipanda kutoka kwenye kidau wanaishika nguzo ile na kujivuta. Ni kawaida, hata mimi nafanya. Lakini kila mtu akijivuta, kitako cha nguzo kinainuka upande mmoja, nywele moja tu, kinarudi. Ukizidisha mara 20 kwa siku, mara siku zote za msimu, dawa ya zamani iliyokwisha kukauka haiwezi kustahamili. Ikaachana na chuma.

Niliona tone juu ya jiko. Nikaenda mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua tyubu ya silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki ikiwa mbichi. Sikufungua boliti hata moja. Nilipaka pembezoni mwa kitako, nikalainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, nikaridhika. Kwa miezi miwili palikuwa pakavu. Halafu tone likarudi, nikapaka tena juu ya ile ya kwanza. Likarudi. Nikapaka tena.

Pale nilikosea mambo matatu kwa mpigo, na nataka kila mmoja ayaelewe vizuri. La kwanza, kupaka pembezoni si kuziba. Dawa inatakiwa ilale chini ya chuma, ibanwe, ijae mpaka kwenye shingo ya boliti. Ya pembezoni inashika ukingo mwembamba tu, na chuma kikicheza inabanduka. Tena ubaya wake mkubwa ni kwamba ikibanduka upande mmoja inakuwa kikombe: maji yanaingia, hayatoki, yanakaa yakitafuta tundu.

La pili, ile harufu ya siki ni asidi kweli. Silikoni ya aina hiyo inatoa asidi ya siki wakati inakauka, na asidi na chuma hazipatani. La tatu ndilo lililoniumiza muda mrefu zaidi: silikoni inaacha mafuta yasiyoonekana kwenye faiba, na juu ya mafuta hayo hakuna kitu kinachoshika. Si rangi, si epoksi (ile gundi ya kuchanganya maji mawili), si dawa nyingine, hata silikoni yenyewe mpya. Kwa hiyo mara ya pili na ya tatu nilikuwa napaka juu ya kitu kisichopakika. Baadaye nilikwangua, nikapiga msasa, nikafuta kwa asetoni, nikabadilisha kitambaa kila mara ili nisiyarudishe mafuta pale pale, na bado rangi ya sehemu ile ilifanya vijicho vijicho. Siku hizi nikiletewa boti, swali langu la kwanza kwa mwenyewe ni kama kuna mtu alishawahi kupaka silikoni.

Halafu kuna jambo la maji kusafiri. Tone lilikuwa juu ya jiko, na nguzo niliyokuwa naishughulikia ndiyo iliyokuwa juu yake sawasawa. Mtu mwenye akili zake angesema mwizi kapatikana. Kumbe nguzo ile ilikuwa mwizi mmoja tu, na ya mbele yake, mita moja na nusu kuelekea omo, ilikuwa inavuja kuliko hii. Maji yalikuwa yanateremka kwenye balsa, yanafuata mwinamo wa sitaha, yanatokea kwenye tundu la kwanza linaloelekea chini. Usiamini tone. Tone linakwambia maji yametokea wapi, halikwambii yameingilia wapi.

Aliyeiona hatari ni baba. Alikuja kutazama tu, na tayari macho yake yalikuwa yameanza kutia ukungu. Nilimpa mkono akapanda. Alivua kubadhi zake, akatembea sitahani miguu mitupu, polepole, akasimama.

"Hapa pamekufa," akasema.

"Pamekufa vipi, baba?"

"Nipe nyundo."

Akaigeuza, akagonga kwa mpini. Karibu na mlingoti ilitoa mlio mkavu, ko, ko, ko, kama kugonga mlango mzuri. Akasogea kuelekea nguzo. Ko, ko, kisha bu. Bu. Bu. Mlio hauna roho. Akachukua chaki akawa anagonga na kuweka alama, anagonga na kuweka alama, na alipomaliza kuyaunganisha madoa yale ulitokea ule msala niliousema, kutoka nguzo ya kwanza hadi ya pili. Mbinu ile ile wanayotumia kusikiliza mbao za jahazi. Sikuwahi kufikiri kwamba faiba nayo inasema.

Tulikata tabaka la juu kwa msumeno wa mkono, tukalinyanyua kama mfuniko. Ndani hakukuwa na mti. Kulikuwa na uji wa kahawia, kama majani ya chai yaliyosahaulika kwenye buli siku tatu, na harufu ya udongo wa mikoko. Niliuchota kwa kijiko cha wali. Boliti tulizozitoa zilinitisha zaidi. Kichwa kilikuwa kinang'aa, nati inang'aa, lakini katikati, sehemu iliyokuwa imezama kwenye ule uji, zimekonda kama mwiba wa samaki. Watu wanasema stenlesi haili kutu. Inakula. Kinachoilinda ni ngozi nyembamba sana inayojitengeneza kwa oksijeni, na ikikaa kwenye maji ya chumvi yaliyofungiwa mahali pasipo hewa, ngozi ile inakatika na chuma kinaliwa kutoka ubavuni. Hata ya daraja la 316, ambayo ina molibdeni ndani yake na ndiyo bora kwa bahari kuliko 304, haiponi kwenye mazingira hayo. Nguzo zile zilikuwa zinashikilia watu wazima wakijivuta, na wengine watoto.

Ukarabati ulichukua wiki sita, tena wiki za kaskazi ambazo wageni ndio wamejaa. Siusimulii wote. Jambo moja ni lazima niliseme, kwa kuwa ndilo linalookoa hata pale dawa itakaposhindwa: kila tundu linalopita kwenye balsa lisiiguse balsa. Kwa boliti ya milimita 8, mimi natoboa tundu la milimita 16 kwenye tabaka la juu na balsa yake, naliacha tabaka la chini. Kisha nachukua msumari, naukunja ncha kama herufi L, naufunga kwenye drili, nauzungusha mle ndani ili ukwangue balsa ya pembeni kidogo zaidi. Naziba chini kwa tepu, najaza epoksi iliyotiwa unga wa kuikoleza mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Ikikauka natoboa milimita 8 katikati yake. Sasa boliti inapita kwenye bomba la epoksi. Maji yakivuja yanaanguka ndani ya chombo, utayaona, utakasirika, utafungua. Lakini mti hayaupati.

Baada ya mateso yale nilitaka kitu kisichotoka milele. Nahodha mmoja rafiki yangu akaniletea tyubu za poliyurethani, ile nzito ya daraja la gundi, inayouzwa kwa ajili ya kuunganisha ganda la chombo na sitaha. Nilipojaribu kidogo kwenye kipande cha faiba na baada ya wiki nikashindwa kukibandua kwa patasi, nilifurahi kama nimeokota lulu. Nikaitumia kila mahali. Nguzo zote, vyuma vya kufungia kamba, hata viguu vya mwavuli.

Mwaka haujapita, ngalawa ilitujia ubavuni usiku wa upepo na kupinda nguzo moja. Kazi ndogo: fungua nati 4, toa, weka nyingine. Nati zikatoka. Nguzo haikutikisika. Nikapiga nyundo ya mpira. Nikaingiza waya wa gitaa chini ya kitako nikawa nakereza kama anayekata sabuni, ukakatika. Nikapasha joto, nikatia wenzo, nikakanyaga. Ikatoka kwa kishindo, na ilipotoka ilitoka na jelikoti, ile ngozi ya juu inayong'aa, na tabaka la faiba la ukubwa wa kiganja. Nilikuwa nimeishika mkononi, chini yake imeng'ang'ania ngozi nyeupe ya sitaha yangu mwenyewe, niliyoitengeneza kwa wiki sita.

Baba alikuwa amekaa kivulini chini ya mkungu. Nilimpelekea akaipapasa kwa vidole, pale palipochanika.

"Hii dawa ni nzuri," akasema. "Imeshika kweli kweli. Sasa niambie mwanangu, ulipoiweka, siku ya kufungua uliipangia nini?"

Sikuwa na jibu. Sikuipangia kitu.

"Chombo ni cha kufunguliwa," akasema. "Chombo kisichofunguka ni cha kutupwa."

Tangu siku ile sianzi tena kwa kuuliza dawa ipi ni kali. Nauliza kinachoshikilia kifaa hiki ni nini. Kama ni boliti na nati na bamba pana chini ya sitaha, basi kazi ya kushika imeshapata mwenyewe, na dawa haina haja ya kushika. Kazi yake ni kuzuia maji tu, na kufuata chuma kinapocheza. Kitu laini kitafanya hivyo kuliko gundi. Nikishajua hilo ndipo nauliza kama kifaa kitakaa chini ya maji au juu yake, kama kitaguswa na mafuta, kama kuna plastiki, na lini nitakihitaji tena mkononi.

Kwa vifaa vingi vya sitahani, jibu langu leo ni tepu ya butili, aina ya mpira laini unaonata. Inakuja imeviringwa kama tepu ya umeme ila nene, milimita 2 au 3, rangi ya kijivu au nyeusi, na karatasi katikati isijigandishe. Haikauki. Si kwamba inachelewa kukauka. Haikauki, miaka na miaka. Nilipoibonyeza mara ya kwanza nilikumbuka pamba ya baba ikiwa imelowa sifa.

Namna ya kuiweka ina adabu zake. Kwanza naupanua mdomo wa tundu. Nachukua biti ya kuzamishia vichwa vya skrubu, nazungusha juu ya tundu mpaka ukingo wake uwe kama faneli ndogo, kina cha milimita 2 au 3. Watu wengi wanaruka hatua hii, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yenyewe. Bila faneli, ukikaza nati butili yote inakamuliwa nje na chuma kinalala juu ya faiba kikavu. Ukiwa na faneli, butili inayosukumwa inajaa mle, inaikumbatia shingo ya boliti kama pete ya mpira, na haina pa kwenda.

Nafuta faiba na chuma kwa asetoni. Nakata vipande vya butili, nafunika kitako chote cha kifaa, pasibaki pengo wala hewa. Kisha nachukua kipande kingine, nakisokota baina ya viganja kuwa kamba nyembamba, nakizungusha kwenye shingo ya boliti chini ya kichwa, mara mbili, kama koni. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi hii kabla sijafundishwa: ni kusokota kalafati tu. Naiteremsha boliti. Mtu mmoja anakaa juu na bisibisi, mwingine chini na spana, na hapa pana amri ambayo siivunji: boliti haizunguki, inazunguka nati. Boliti ikizunguka inaichana ile pete uliyoihangaikia. Shemegi yangu yuko chini, mimi juu nimeishikilia boliti isitikisike, nampigia kelele, "Taratibu yakhe, taratibu!"

Tunakaza mpaka butili ianze kuchungulia pembeni, tunaacha. Tunakunywa chai. Tunarudi, robo mzunguko. Kesho jua likishaipasha sitaha, robo nyingine. Kesho kutwa tena. Butili inatembea kwa joto, kwa hiyo kwetu inatii upesi, lakini ukiilazimisha siku moja unaikamua yote au unapinda kitako cha chuma. Kinachotokea nje nakikata kwa kipande cha plastiki kilichonolewa, mabaki nayafuta kwa tapentaini. Hakuna haja ya kungoja ikauke. Mvua ikija saa hiyo hiyo, ije.

Nawaonya na kitu kimoja. Madukani kuna tepu za kuzibia mabati ya nyumba ambazo zinafanana sana na butili, na baadhi yake ni lami. Lami kwenye sitaha nyeupe, jua la saa 8 mchana, italia machozi meusi mpaka ubavuni. Ninachofanya ni kukata kidole kimoja cha tepu na kukivuta. Butili nzuri inarefuka, inarefuka, inakuwa uzi mwembamba kabla ya kukatika. Kisha nakinusa. Harufu ya barabara mpya, nakirudisha.

Butili haiwekwi kila mahali. Chini ya maji siiweki. Mabomba yanayopita kwenye ganda la chombo nayafunga kwa poliyurethani au polisulfaidi, dawa nyingine ya tyubu, na kwa hayo natumia hata muda wa siku nzima kusafisha, maana lile likifeli halidondoshi tone kwenye jiko, linazamisha. Kwenye mdomo wa kujazia mafuta pia siiweki, kwa kuwa petroli inaiyeyusha. Pale natumia polisulfaidi, ambayo mafuta hayaitishi. Inachelewa kukauka, lakini inabaki kama mpira na inafunguka kwa kisu ukiwa na subira. Ina ubaya mmoja mkubwa: inakausha plastiki za aina nyingi, na nimelipia somo hilo kwa dirisha moja la akriliki, ile plastiki inayoonyesha kama kioo. Liliota vipasuko vidogo kuzunguka kila skrubu, kama utando wa buibui, na siku moja likagawanyika.

Ingawa kwenye dirisha lile kosa halikuwa la dawa peke yake. Akriliki inatanuka kwa joto sana kuliko faiba. Dirisha la sentimita 60, likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri mpaka kwenye joto la jua kali, tuseme tofauti ya nyuzi 30, linarefuka zaidi ya milimita moja. Mimi nilikuwa nimelikaza kwa skrubu zilizobana matundu yake sawasawa, kwa hiyo halikuwa na pa kutanukia. Sasa madirisha natoboa matundu mapana kuliko skrubu, nauacha ukingo wenye nafasi, na hapo ndipo mahali pekee chomboni ninapoiruhusu silikoni, ile isiyonuka siki na iliyoandikwa kuwa ni ya madirisha ya vyombo, huku faiba yote ya jirani nimeifunika tepu ya karatasi isiguswe.

Poliyurethani sikuitupa. Ziko zenye nguvu ya kadiri, kama Sikaflex-291i, ambazo zinashika vizuri na bado unaweza kuzikata siku ukitaka. Ile kali nimeiwekea sehemu ambazo nikifa leo sitaki mtu azifungue. Ninazikumbuka mbili tu kwenye chombo chote. Na kwa kuwa zote zinakauka kwa unyevu wa hewa, na hewa ya Unguja ni unyevu mtupu, nikishakata mdomo wa tyubu nahesabu kwamba imeshatumika. Zisizofunguliwa naziweka kwenye friji, tena nasoma tarehe kabla ya kulipa. Nimeshauziwa tyubu ambazo ukizibana kwa bunduki ya kukamulia zinatoa sauti tu, ndani zimekuwa fimbo ya mpira. Tyubu iliyokaa miaka miwili kwenye duka la mabati haina tofauti na hiyo hata kama bado inatoka: itatoka, itapakika, haitashika.

Kusi iliyopita, kabla ya kuishusha boti baada ya kuipaka chini, niliamua kufungua nguzo ile ya kwanza, ya kulia. Haikuwa inavuja. Ilikuwa imekaa miaka mitatu na butili yake, na nilitaka kuona kwa macho yangu badala ya kudhani. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mwambani, na tulikuwa na kama saa nne.

Nati zilitoka kwa mkono. Kitako nikakiinua kwa kisu cha kupakia rangi, kikaja polepole, kikivuta nyuzi za kijivu kutoka sitahani, ndefu, kama ute wa bamia. Boliti zilitoka zimevaa koni zao. Nilizifuta: shingo nzima inang'aa, hapana doa. Nikatia kidole kwenye tundu la epoksi. Kikatoka kikavu, na vumbi jeupe kidogo.

Baba alikuwa pale chini, ameegemea gogo la kuegeshea. Siku hizi haoni ila mwanga na vivuli. Nilishuka nikampa boliti moja kama ilivyo, na butili yake. Akaichukua kwa vidole viwili, akaibana, akaivuta, akaisokota kidogo baina ya kidole gumba na cha shahada kama nilivyokuwa nikimuona akifanya na pamba nilipokuwa mdogo. Akainusa.

"Haina sifa," akasema.

"Haina, baba."

"Lakini bado laini." Akanirudishia. "Haya, funga. Maji yanarudi."

Nikakata tepu mpya, nikasokota kamba nne. Shemegi yangu alikuwa ameshaingia chini na spana, ananiuliza kama niko tayari.